Silingi ya gari ikining'inia, usikimbilie gundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji wa Mafinga aliyeandika juzi kwenye ukurasa huu huu wa barua, akasema mafundi viti wa huku nyanda za juu wote ni wezi kwa sababu kitambaa cha silingi ya gari yake, yaani dari ya ndani, kilibandikwa na kikaanguka tena kabla hata mvua hazijaisha. Mi ni fundi viti hapa Mwanjelwa, kazi hii ndiyo inasomesha watoto wangu, kwa hiyo barua ile ilinigusa, ila sijaja kutetea kila mtu maana mafundi tunajuana. Nachotaka kumwambia yule mzee wangu ni kwamba gundi haina kosa hapo. Kilichokufa kwenye gari yako ni sponji.

Silingi ya hizi gari zetu, Corolla, Carina, Mark II, Noah, hata IST zile za mwanzo, juu kabisa karibu na bati ina ubao. Nauita ubao lakini siyo mbao kweli, ni kama makaratasi magumu yaliyogandamizwa au nyuzi za faiba, unapinda na ukiulazimisha unavunjika. Chini ya huo ubao kuna sponji nyembamba sana, milimita tatu hivi au zaidi kidogo, halafu ndiyo kinakuja kitambaa unachokiona ukikaa kwenye kiti. Kitambaa na ubao havijagusana kabisa, katikati yao kuna hiyo sponji tu. Na sponji yenyewe ni ya poliurethani, ikila joto na unyevu miaka na miaka inajivunja yenyewe mpaka inakuwa unga. Ule unga wa njano au wa kahawia unaokudondokea kwenye kola ya shati siyo vumbi la barabarani, ndiyo sponji yenyewe hiyo inaisha. Sa ukija na gundi mpya ukaipaka juu ya unga, gundi itashika unga vizuri tu, lakini unga wenyewe haujashika chochote, ni sawa na kupiga chokaa ukuta wa tope unaomomonyoka.

Watu wananiambia fundi, Mbeya baridi hii joto linatoka wapi? Jamani. Baridi ni ya usiku na ya asubuhi. Sisi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, jua la saa saba mchana likipiga bati la gari iliyofungwa vioo pale Kabwe ukiweka mkono kwenye silingi unaurudisha mwenyewe. Usiku umande. Halafu hizi gari hazikai Mbeya, asubuhi iko Uyole mtu kavaa koti, mchana imeshapita Tukuyu kwenye mvua, jioni iko Kyela kwenye joto la ziwani, kesho imepandisha tena. Sponji inapanda na kushuka na gari, na umri nao, maana gari nyingi zinafika hapa zikiwa zimeshatumika miaka mingi Japani, TRA, watu wa kodi, wenyewe wanazitoza ushuru wa uchakavu.

Na kuna hili la keria ambalo wengi hawalifikirii. Mtu anafunga keria juu ya Noah apakie ndizi za Tukuyu au viazi, fundi wa kuchomelea anatoboa bati anafunga bolti, hakuna raba wala silikoni ya maana, mvua ikinyesha maji yanaingia taratibu kati ya bati na ubao. Ukiona kwenye kitambaa kuna duara la kahawia kama ramani, usije kwangu kwanza, nenda kazibe tundu. Mi mteja wa namna hiyo namrudisha, kwa sababu nikimbandikia leo masika yakija atasema nimemwibia kama huyu ndugu wa Mafinga anavyosema.

Sasa tuje kwenye hizi dawa za mtaani. Pini za kubania, sindano za cherehani, stepla, kuna mtu niliona katumia vijiti vya meno, nilicheka sana. Zinashika kwa muda, sikatai, kama unasafirisha gari Tunduma kuuza hiyo ni shughuli yako na dhamiri yako. Ila kila pini inatoboa ubao, na siku gari ikipata ajali hizo pini ziko juu ya vichwa vya abiria. Kuna wanaochana kitambaa kidogo wanaingiza kopo la gundi ya kupuliza wanasukuma kwa mkono, kwa siku mbili inapendeza kweli, ya tatu kunakuwa na mapovu halafu gundi imepenya kwenye kitambaa imeacha madoa ambayo hayatoki. Supagluu nayo inakausha kitambaa kinakuwa kigumu kama gamba. Gundi nyeupe ya mbao ndiyo kabisa usiiguse.

Kazi yenyewe ni kutoa ubao nje ya gari. Hapo ndipo unapomjua fundi. Akikwambia atafanya huku ubao uko ndani, we washa gari uondoke. Unaanza na kutoa waya wa betri, kwa sababu ya taa ya ndani na kwa sababu gari nyingine zina eabegi za pembeni, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, zimefichwa pale juu ya milango, hizo siyo za kuchezea na usikubali mtu azipige pini au azifunike kwa gundi, zikitakiwa kufunguka zifunguke. Halafu vinatoka vile vizuia jua, vishikio vya abiria, taa, zile plastiki za kwenye nguzo, wakati mwingine bolti ya juu ya mkanda, raba za milango zinavutwa pembeni. Klipu za plastiki za gari ya zamani zimekauka, zinavunjika, fundi mwenye akili anakwambia mapema klipu kadhaa zitakufa tununue nyingine. Viti vinalazwa, ubao unatolewa kwa mlango wa nyuma au wa mbele kutegemea gari, watu wawili, mmoja kila upande, bila kuukunja. Ukishapata mkunjo katikati ule mstari utauona mpaka siku unauza gari.

Nje ya gari sasa kitambaa cha zamani kinachunika chenyewe bila kuvutwa. Kazi inayochosha ni ile inayofuata, na ndiyo wenzangu wanairuka: kukwangua sponji yote iliyobaki. Unachukua brashi ya kufulia ile ngumu ya plastiki, siyo ya waya maana itakula ubao, unasugua polepole mpaka uone ubao wenyewe, unapuliza kwa kompresa, unasugua tena, ukipitisha kiganja kisirudi na unga. Vaa barakoa, ule unga ukiingia kifuani unakohoa wiki nzima. Ubao wa Noah ni mkubwa, mtu anaweza kumaliza asubuhi nzima hapo tu, na huwezi kumweleza mteja aliyekaa kwenye benchi na soda akiangalia saa kwamba bado hujaanza hata kubandika. Ndiyo maana gundi ya haraka haraka ina soko, Mhariri, wateja nao wanaitaka.

Kitambaa kipya lazima kiwe kile kinachokuja na sponji yake mgongoni, imeshikana kiwandani. Usinunue kitambaa kitupu ukabandika, kila kovu la ubao litaonekana. Usiweke leza ya viti, ile ya kama ngozi, nzito, itashuka. Wala usikate sponji ya godoro, nimeletewa gari mtu kaweka sponji nene halafu plastiki za nguzo zikagoma kurudi. Gundi ni ile ya kupaka pande zote mbili, inayovumilia joto, muulize muuzaji kabisa inavumilia joto au ni ya viatu tu, kwa sababu ya viatu nyingi inalainika juani na tunarudi kule kule. Unapaka ubao, unapaka mgongo wa kitambaa, unasubiri mpaka ukigusa inanata lakini haichafui kidole. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku inachelewesha, mi nafanya mchana tu, asubuhi kuna umande ubao unakuwa na ubichi. Na hiyo gundi inashika moto haraka, kibanda kikiwa jirani na mtu wa kuchomelea au mama wa chipsi mwenye jiko la mkaa, sogea.

Kubandika unakunja kitambaa nusu, unaanzia katikati unatoka nje kwa kiganja, unafuata yale mabonde ya ubao kwanza kabla ya sehemu za bapa, usivute kitambaa kwa nguvu maana kilichovutwa juu ya bonde kitajinyanyua tu. Ukimaliza nusu unafunua nusu nyingine. Pembeni unazungushia nyuma ya ubao, matundu ya taa na vishikio unayakata mwisho kwa wembe mpya. Unauacha ulale, kesho ndiyo unarudi kwenye gari.

Kuna wanaokimbilia silingi ya mtumba kutoka kwenye gari zilizokatwa. Sawa, ila hiyo sponji ina umri ule ule wa gari yako, bonyeza kwa kidole kabla hujalipa, ukisikia inasagika ndani iache hapo hapo.

Na wenye Hiace za abiria, kitambaa kikishashuka mpaka dereva haoni kioo cha ndani, wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama mnakagua matairi na breki, angalieni na juu.

Mzee wa Mafinga, ubao wako umeshapakwa gundi juu ya gundi, kwa hiyo kuukwangua kutakuwa kugumu zaidi na pengine utachanika sehemu. Usikubali utupwe. Unazibwa kwa nyuzi za faiba na resini, ile ya maji inayokauka ikawa ngumu, upande wa juu usioonekana, unakauka, kazi inaendelea. Mwambie tu fundi huko huko Mafinga, huna haja ya kuja mpaka Mbeya, ila ukae umuone anautoa ubao kwenye gari kabla hujampa hela ya kitambaa.

Fundi viti,
Mwanjelwa, Mbeya