Kifuateni kijiji: barua ya wazi kwa vijana wanaoandika habari za wilaya zilizofutwa Urusi

Wajukuu zangu mnaotafsiri na kuandika historia ya Urusi kwa Kiswahili,

Salaam. Makala zenu kuhusu wilaya zilizofutwa zina juhudi, lakini kosa moja linajirudia. Mnaiandika wilaya kama mtu: ilizaliwa tarehe fulani, ikaishi, ikafa. Wilaya ya Urusi haikuwa hivyo. Kijiji ndicho kiwanja, na wilaya ni paa tu. Serikali iliezua na kuezeka upya kila ilipoona haja. Basi anzeni na kijiji, kisha pandeni juu mwaka kwa mwaka mkiuliza: wakati huu kilikuwa chini ya nani?

Tuchukue Ploskosh, kaskazini-magharibi mwa mji wa Toropets, mkoa wa Tver. Pale palikuwa makao makuu ya wilaya. Leo eneo la wilaya hiyo linaongozwa kutoka Toropets. Zama za tsar nchi hiyo ilikuwa gubernia (mkoa wa kale) ya Pskov. Tarehe 1 Agosti 1927 gubernia zikafutwa, na Pskov, Novgorod, Cherepovets, Murmansk na Leningrad zikaunganishwa kuwa Mkoa wa Leningrad wenye okrugi 9, yaani ngazi iliyokuwa kati ya mkoa na wilaya. Toropets na Ploskosh zikaangukia okrugi ya Velikiye Luki. Mwaka 1929 okrugi hiyo ikahamishiwa Mkoa wa Magharibi, ambao makao yake yalikuwa Smolensk. Mwaka 1930 okrugi zikafutwa, wilaya zikawa moja kwa moja chini ya mkoa. Tarehe 29 Januari 1935 ukaundwa Mkoa wa Kalinin, nao ukaichukua nchi hiyo. Agosti 1944 ukaundwa Mkoa wa Velikiye Luki; tarehe 2 Oktoba 1957 mkoa huo nao ukafutwa, Toropets ikarudi Kalinin. Mwaka 1990 Kalinin ikarudishiwa jina lake la Tver.

Hesabuni wenyewe. Mwanamke aliyezaliwa huko 1928 alizaliwa Mkoa wa Leningrad, akaanza kutambaa Mkoa wa Magharibi, akasoma Kalinin, akavunja ungo na kufika umri wa kuposwa Velikiye Luki, akazeekea Tver, na huenda hakuwahi kuhama nyumba ya baba yake. Aliyezaliwa Vwawa kabla ya 2016 anaelewa: cheti kinasema Mbeya, barua ya leo inasema Songwe. Kwa hiyo mkiandika “alizaliwa Mkoa wa Tver” kwa mtu wa 1928, mmekosea kwa miaka 62. Andikeni jina la wakati ule, kisha “leo Mkoa wa Tver”.

Sasa maneno, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Msiite kila kitu “wilaya”. Raioni ndiyo wilaya, na oblasti ni mkoa; hayo mawili yanakubalika. Lakini uyezdi (sehemu ya gubernia) na volosti (sehemu ya uyezdi) ni vya utaratibu wa kale, na mkiviita vyote wilaya, msomaji ataona wilaya moja ikifutwa mara tatu asijue ni ipi. Yaacheni maneno hayo kama yalivyo, myaeleze mara moja. Sheria ya malkia Ekaterina II ya 1775 ilikusudia gubernia iwe na wanaume 300,000 hadi 400,000 walioandikwa kodi, na uyezdi 20,000 hadi 30,000. Wanawake hawakuhesabiwa, basi msitumie tarakimu hizo kama idadi ya wakazi. Volosti ya baada ya 1861, wakulima walipoachwa huru, ilikuwa ya wanaume 300 hadi 2,000, na kijiji cha mbali kisizidi takriban versta 12 kutoka makao yake, yaani kama kilomita 13. Ilikuwa pia na mahakama yake, lakini mamlaka yake yalikuwa juu ya wakulima. Shamba la bwana mwenye ardhi lingeweza kuwa katikati ya volosti na lisiwe chini yake. Ndiyo sababu orodha ya vijiji vya volosti huonekana kama ina matundu.

Chini ya wilaya ya Kisovieti kulikuwa na selsovieti, baraza la vijiji kadhaa. Msiifananishe na kijiji kimoja. Iko karibu zaidi na kata ya Tanzania.

Na neno “wilaya ya vijijini” lina mtego wake. Novemba 1962 Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Sovieti, aliamua Chama cha Kikomunisti kigawanywe mafungu mawili, kilimo na viwanda. Mwaka 1963 wilaya nyingi ndogo zikafutwa, zikaundwa wilaya kubwa zilizoitwa rasmi “za vijijini”, na kando yake “za viwanda”. Khrushchev akaondolewa Oktoba 1964, na kufikia 1965 mpango mzima ukawa umeshavunjwa na wilaya nyingi zikarudishwa. Kwa hiyo jina hilo ni cheo cha miaka miwili hivi. Wilaya iliyofutwa kabla ya 1963 haikuwahi kukibeba, hata kama watu wake wote walikuwa wakulima na ng'ombe.

Tarehe nazo zina tabia zake. Kabla ya Februari 1918 Urusi ilitumia kalenda ya zamani: ongezeni siku 13 kwa karne ya 20, 12 kwa ya 19, 11 kwa ya 18. Kisha tofautisheni siku ya amri na siku ya utekelezaji. Amri ya kufuta okrugi ni ya 23 Julai 1930, lakini ofisi zilifungwa baadaye, na ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kutoa siku mbili na vyote visiwe vya uongo. Angalieni pia nani aliyetoa amri ya wilaya: hadi 1938 ni VTsIK, kamati kuu ya utendaji ya Urusi, baada ya hapo ni Presidiamu ya Sovieti Kuu (bunge) ya RSFSR, yaani jamhuri ya Urusi ndani ya Umoja wa Sovieti. Mkiona amri ya 1935 imetajwa kuwa ya Presidiamu hiyo, rudini mkague. Tena msichukue 1 Agosti 1927 mkaibandika Urusi nzima. Huko Urali mkoa mpya uliundwa Novemba 1923, na wilaya zikafuata mapema kuliko Pskov.

Idadi ya watu ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Sensa ya 17 Desemba 1926 ilifanyika Pskov wakati raioni hazijakuwepo. Mkikuta “wakazi wa wilaya, 1926”, jueni mtu aliijumlisha baadaye kutoka volosti, na mwulize alitumia mipaka ya mwaka gani. Sensa ya Januari 1937 ilibatilishwa. Zinazofuata ni za Januari 1939 na Januari 1959, na kati yake vita vilipita juu ya Toropets: Wajerumani waliingia 1941, wakaondolewa Januari 1942. Idadi ikipungua, msiseme “watu walihama” kabla ya kulinganisha mipaka.

Kuhusu nyaraka, zifuateni kama mlivyofuata paa. Za gubernia zitafuteni Pskov, na za Mkoa wa Velikiye Luki anzeni na hifadhi iliyoko mji wa Velikiye Luki. Za miaka ya Kalinin ni Tver, za Mkoa wa Magharibi ni Smolensk. Sehemu ya nyaraka za chama za Smolensk ilitekwa na Wajerumani 1941, ikaishia Marekani, ikarudishwa Urusi 2002. Karatasi husafiri kuliko wakulima.

La mwisho ni tahajia, na ni dogo lakini linaaibisha. Kirusi hubadilisha mwisho wa jina: Ploskoshsky kwa raioni, Ploskoshskaya kwa volosti, na katika sentensi yenye maana ya “ya wilaya” linakuwa Ploskoshskogo. Mashine za kutafsiri huwapa mwisho huo wa tatu, nanyi mnaunakili kama jina la mahali pengine. Rudisheni hadi kwenye jina la makao, muandike “Wilaya ya Ploskosh”. Isipokuwa majina kama Leninsky, Oktyabrsky na Pervomaysky: hayo mara nyingi hayakutokana na kijiji, na yapo katika mikoa mingi, basi kila mara tajeni mkoa na mwaka pembeni.