Kukariri fomula hakutoshi katika hisabati ya fedha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanafunzi wa chuo kikuu wanaojiandaa kwa mtihani wa juu wa hisabati ya fedha, kwa kuwa nimesahihisha karatasi za somo hilo kwa miaka kadhaa na kosa ninalokutana nalo ni lile lile. Mwanafunzi huandika fomula ya Black na Scholes ya mwaka 1973, ile ya kukokotoa bei ya mkataba wa haki ya kununua hisa, bila kukosea herufi hata moja, lakini akiulizwa kwa nini ukuaji unaotarajiwa wa bei ya hisa haumo ndani yake, kalamu husimama.

Jibu linapatikana katika hesabu ndogo ya mkono. Chukua hisa ambayo bei yake leo ni 100, na mwisho wa kipindi itakuwa ama 120 ama 90, riba ikiwa sifuri. Kisha tafuta thamani ya mkataba unaompa mwenye nao haki ya kuinunua hisa hiyo kwa 100. Wengi hukimbilia kusema kwamba, ikiwa uwezekano wa kupanda ni nusu, thamani ni 10. Sivyo. Anayekopa 60 na kununua theluthi mbili za hisa akishalipa deni atabaki na 20 bei ikipanda, na hatabaki na kitu ikishuka, sawasawa na mwenye mkataba. Gharama yake, ukiondoa mkopo, ni takriban 6.67, na bei nyingine yoyote ingempa mtu faida isiyo na hatari. Ule uwezekano wa nusu haukutumika popote.

Aliyeijenga hesabu hiyo mwenyewe, akaiendeleza hadi hatua tatu au nne kwa njia ya Cox, Ross na Rubinstein ya mwaka 1979, ambamo kila hatua bei hupanda au kushuka, akifika kwenye nadharia ya Girsanov, ile ya kubadili uwezekano wa matukio bila kubadili matukio yenyewe, hukuta wazo analolifahamu. Kanuni ya Itô, yaani kalkulasi ya vitu vinavyobadilika kwa bahati nasibu, nayo inadai mazoezi ya kila siku, hasa kile kipande cha derivativu ya pili, ambacho husahaulika kwa sababu katika kalkulasi ya kawaida miraba ya mabadiliko madogo hupotea, ilhali katika mwendo wa Brown, ule mwendo wa nasibu unaotumika kueleza bei ya hisa, hujumlika na kuwa muda wenyewe.

Mitihani ya miaka iliyopita ifuate baada ya hapo, vitabu vikiwa vimefungwa na saa ikihesabiwa. Nimesikitika mara nyingi kumnyima alama kijana ambaye ni dhahiri alikesha, ila alikesha na majibu ya wenzake. Nawaomba pia wahadhiri wenzangu tutenge angalau saa mbili kabla ya mtihani, mwanafunzi asimame ubaoni na kuijenga bei ya mkataba tangu mwanzo, huku wenzake wakimuuliza maswali.

Mhadhiri wa hisabati