Ratiba ya wiki ianze Jumamosi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi ratiba za wiki za kuprinti, yale majedwali ya siku saba tunayodanlodi tunabandika ukutani. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Mikindani, nashona, na tuna shamba la korosho upande wa Nanguruwe, sasa bila ratiba nyumba haiendi. Nilidanlodi moja nzuri ya maua maua nikaenda kuitoa steshenari, mstari wa chini wote ukakatwa. Kijana wa pale akaniambia mama hii imetengenezwa kwa karatasi ya Marekani inaitwa Letter, ukiilaza ina kimo cha milimita 216 na A4 yetu ikilala ina 210, lazima chini ipungue. Na yale maua yakanywa wino nikalipa bei ya kala.

Hayo ya karatasi nikayaacha. Kilichoniuma ni saa. Jedwali limeandikwa 8:00, na mimi nikajaza hapo kliniki ya mtoto, mama mkwe ndo alikuwa ampeleke, yeye akasoma saa nane kama mtu yeyote wa huku angesoma, akafika saa nane mchana jua linawaka mtoto mgongoni, chanjo za siku hiyo zimeshaisha anaambiwa arudi siku nyingine. Sio kosa lake hata kidogo. Sisi saa tunahesabu toka jua linapochomoza, hiyo 8:00 ya kompyuta ni saa mbili asubuhi, sasa ratiba inayosomwa na bibi na wajukuu kwanini isiandikwe saa tunazozitamka?

Halafu wiki yenyewe inaanza Jumapili, nyingine Jumatatu. Jamani si majina yenyewe yanasema, Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili, mpaka Jumatano ya tano, inafuata Alhamisi na Ijumaa ndo inafunga. Mwanangu wa darasa la tatu aliniuliza mama mbona mosi wameiweka mwisho, sikuwa na jibu.

Nikakaa na binti wa jirani tukatengeneza yetu kwenye Word. Karatasi A4 ilale, pembeni uache sentimita 1 kila upande, safu ya kwanza upana 2.5 na kila siku 3.6, inaenea vizuri kabisa. Mistari ya kulala hatukuweka masaa, tumeweka alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri na usiku, kila mmoja kimo sentimita 3, maana watoto wanajua alasiri ni chuo, yaani madrasa, na haihitaji saa, ile yenye saa maalum ndo unaandika mwenyewe ndani ya kijumba. Kimo cha mistari ukifunge kisijiongeze, la sivyo ukiandika maneno mengi kijumba kinavimba na jedwali linarukia karatasi ya pili. Rangi ya nyuma toa kabisa. Tukaipiga laminesheni, naandika kwa maka peni ya kufutika, Ijumaa usiku nafuta na kitambaa, Jumamosi tunaanza upya na shamba. Mama mkwe sasa anaisoma mwenyewe, na kliniki iliyofuata aliwahi.

Sasa ombi langu Mhariri. Wengi huku hawana kompyuta wala hawana binti wa jirani, ila gazeti linafika. Mtuchapie jedwali tupu kwenye toleo la Jumamosi, nusu ukurasa tu unatosha, mtu akate apeleke kutoa kopi. Lianze Jumamosi, liwe jeusi na jeupe bila picha nyuma, na msiandike saa yoyote, kila nyumba itajaza zake.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara