Barua kwa Mwanangu: Vitu vya Mezani

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakufikia ukiwa buheri wa afya. Sisi huku Mombasa hatujambo, na baba yako anakusalimu sana.

Uliniambia kwamba katika ofisi yako mpya huko Nairobi bado hujazoeana na mtu, kwa kuwa kila mmoja huingia, huinamia kompyuta yake, kisha akaondoka. Basi nakuandikia habari za vitu ambavyo wenzangu wameviweka juu ya meza zao, kwa sababu wengi wao nilivijua vitu vyao kabla ya kuwajua wenyewe.

Mzee wetu wa hesabu ana mbuzi ya kukunia nazi, ndogo hata inaenea kiganjani, yenye kigoda cha kukunja na ulimi wa chuma uliotiwa meno. Huitumia kufungulia bahasha: huishikilia kwa mkono wa kushoto, akaipitisha bahasha taratibu juu ya yale meno, na barua ikatoka bila kuchanika. Wageni hucheka wakimwona, naye hungoja wamalize, ndipo awaeleze kwamba iliundwa na marehemu ndugu yake, fundi seremala wa Lamu, kwa kipande cha mbao kilichosalia baada ya kuchonga mlango wa nyumba. Sijamwona mtu aliyesikia maelezo hayo akaondoka upesi.

Bibi wa mapokezi naye hutandika leso kwenye mgongo wa kiti chake, na jina la leso hulielekeza ukumbini ili kila apitaye alisome. Kuna wiki nzima ambayo tuliingia kazini tukikabiliwa na "Hasidi hana sababu", na watu wazima, wenye vyeo vyao, wakawa wanaulizana kwa minong'ono ni nani aliyekusudiwa. Yeye hakutamka neno. Wiki iliyofuata alitandika "Mgeni njoo mwenyeji apone", na mambo yakatulia. Leso zake huzinunua Biashara Street, na nyingi zina ile alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla", ya nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887, ambayo humfanya asiyejua adhani kwamba bibi ameazima nguo ya mtu. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo twayasoma kwa herufi za Kirumi, lakini kazi yake haijabadilika, nami naona ni jambo la heshima kwamba mwanamke anaweza kusema aliyo nayo moyoni pasipo kuinua sauti.

Wengine wana vitu vidogo tu: jiwe la tumbawe la kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni, kalamu iliyofungwa kwa uzi wa katani ili isihame, kibatari cha kopo kilichogeuzwa kuwa mkebe wa penseli.

Na mji wenyewe una vitu vyake. Zile pembe za ndovu za Moi Avenue, ambazo zilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ni za alumini, wala hakuna ndovu aliyewahi kuzibeba. Hata hivyo, watoto bado huuliza mnyama mwenyewe yuko wapi. Mimi napendezwa zaidi na lile dele kubwa la kahawa lililo karibu na Fort Jesus, hasa jioni, wakati wauza kahawa wapitapo na madele yao ya kweli, makaa yakiwaka chini yake, wakigonganisha vikombe ili wanywaji wawasikie.

Nimekutumia kifurushi kwa basi. Ndani yake mna lile gari la waya ulilolitengeneza ulipokuwa darasa la nne, lenye magurudumu ya ndara kuukuu na usukani mrefu uliokuwa ukiushika ukikimbia nalo uani. Gurudumu moja lilikuwa limelegea, nami nimelikaza. Liweke juu ya meza yako, upande ambao wenzako wataliona wakipita, halafu uniandikie ni nani aliyekuwa wa kwanza kuuliza, na yeye mwenyewe ameweka nini mezani kwake.

Ni mimi mama yako akupendaye.