Sindano iliyokwama

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Jana umenipigia mara tatu sikupokea, najua umeshadhani nimenuna. Wallahi sikununa. Nilikuwa naangalia picha ya sinema, tena ya mwaka 1947, nyeusi na nyeupe, ya Waingereza. Usicheke kwanza.

Inaitwa Brighton Rock. Brighton uko pwani ya kusini ya Uingereza, watu wa London huenda huko kupunga upepo. Pale gatini kuna treni ya mizimu, ya kutishia watu kwa starehe. Humo ndimo mtu anauawa. Abiria wote wanapiga mayowe, sasa nani atajua yowe lipi ni la kweli?

Muuaji ni Pinkie, kijana mdogo hata ndevu hana, lakini wahuni wakubwa wanamtii. Muda wote anachezea uzi vidoleni, kama sisi tulivyokuwa tukicheza barazani. Unamkumbuka yule babu wa ndevu nyeupe kwenye Jurassic Park, tuliyoiona kibandani kwa mjomba wako? Ndiye huyo huyo, Richard Attenborough! Nilirudisha nyuma mara mbili nisiamini.

Basi marehemu alikuwa mtu wa gazeti, kazi yake kuacha kadi huku na huku, atakayeziokota apate zawadi. Wenzake Pinkie wakaendelea kuziacha ili aonekane yu hai. Moja wakaiweka mgahawani, chini ya kitambaa cha meza. Pinkie anarudi kuifuata. Anapapasa taratibu chini ya kitambaa, mara binti mhudumu yuko kichwani pake: kadi ameshaiona, na aliyeiacha hakufanana na picha ya gazetini. Anasimulia huku anatabasamu, maskini! Mimi pumzi zilinikata.

Huyo binti, Rose, Pinkie anamuoa. Si kwa mapenzi. Sheria ya kule haikumlazimisha mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe.

Sasa sikia. Rose anaomba mumewe amrekodie sauti kwenye kibanda cha gatini, apate santuri ya ukumbusho. Pinkie anaingia, anasema humo kwamba Rose anataka kusikia "nakupenda", kumbe yeye anamchukia, kisha matusi matupu, na Rose yuko nje ya kioo anamwangalia kwa mahaba, hasikii kitu. Mwishoni Pinkie ameshakufa, Rose yuko kwa watawa, anaipiga santuri. Sauti inafika kwenye "nakupenda", sindano inakwama. Nakupenda, nakupenda, nakupenda. Yale ya mbele hayasikii.

Baba Rehema anasema mwisho huo ni wa kitoto, binti aachwe ajue ukweli. Nilimwambia akalale. Mimi nimeishika rohoni ile sindano, lakini kila nikikumbuka naingiwa na baridi, maana santuri anayo na siku moja sindano itapita hapo.

Mwisho nimeshakuharibia, lakini uso wa Rose nyuma ya kioo siuwezi kuusimulia. Mwajuma anakuja Dar Ijumaa, nitampa flashi. Uirudishe, isiwe kama ile ya mwaka jana.

Wako,
Mama Rehema