Ami, kiti cha 60B hakikunyakuliwa

Minneapolis, 16 Februari 2025

Ami yangu mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, nataraji u mzima wewe, Bi Mkubwa na watoto wote hapo Kisauni. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina huruma. Pesa za dawa za Bi Mkubwa nilizituma Ijumaa. Tafadhali muulize kama zimeingia kwenye simu yake.

Sasa nije kwenye ile sauti uliyonitumia. Umesema hapo barazani mmekata shauri kwamba mtaani kwangu Wasomali wamemnyang'anya bibi wa Kizungu kiti chake cha miaka arobaini na ushei. Ami, nakuheshimu, lakini aliyewaletea habari hiyo amewapa mkia akaacha kichwa.

Kwanza hicho si kiti cha bunge la Washington. Ni cha bunge la jimbo la Minnesota, linalokaa St. Paul, ng'ambo ya mto. Wabunge wa baraza la chini ni 134, na kila mmoja ana kipindi cha miaka miwili tu. Maeneobunge hayana majina kama Nyali au Likoni, yana nambari na herufi. Eneo moja la seneta hukatwa mara mbili, likawa A na B. Hili letu ni 60B: mtaa wa Cedar-Riverside ninaoishi, Chuo Kikuu cha Minnesota chenye majengo kingo zote mbili za Mississippi, na mitaa ya wanafunzi iliyokizunguka. Kwa sensa ya 2020, kila eneobunge lilipaswa kuwa na watu kama 42,500.

Hizo nambari nazo huhamahama. Kila baada ya sensa, yaani miaka kumi, mipaka huchorwa upya, na karne hii wanasiasa hawajakubaliana hata mara moja. Ramani za 2002, 2012 na 2022 zote zimetolewa na jopo la majaji watano. Na usidhani zamani walikuwa waungwana zaidi. Baada ya 1913 bunge hili lilikalia mipaka ileile hadi 1959, miaka 46, watu wakihamia mijini na viti vikibaki mashambani, mpaka wapiga kura walipokwenda mahakama ya shirikisho mwaka 1958. Wabunge waliona wakichelewa jaji atawachorea, wakatafuta penseli haraka.

Huyo bibi anaitwa Phyllis Kahn. Alichaguliwa 1972, akaingia bungeni Januari 1973. Ni mwanasayansi wa biofizikia mwenye shahada ya uzamifu kutoka Yale, na kwao ni Brooklyn, New York, kwa hiyo naye hapa alikuja. Mwaka mmoja kabla hajachaguliwa, Marekani ilikuwa imeshusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, nawe piga picha maana yake katika eneo lenye chuo kikuu katikati. Uchaguzi ule wanawake walioshinda viti vya baraza la chini walikuwa sita tu. Ndiye aliyesukuma barazani humo sheria ya 1975 ya kutenga wavuta sigara katika maeneo ya umma, wakati majimbo mengi hayajathubutu. Namwekea heshima yake. Mtu hakai miaka 44 kwa bahati.

Lakini tazama kilichokuwa kikitokea chini ya kiti. Mwaka huohuo wa 1973 ndipo maghorofa ya Riverside Plaza yalipofunguliwa, majengo sita ya zege yenye mabamba ya rangi nyekundu, manjano na buluu, refu kuliko yote likiwa na ghorofa 39. Humo ndimo ninamokaa. Barabara ya Cedar ilikuwa mtaa wa wahamiaji kutoka Skandinavia, na chini kando ya mto waliishi maskini wa kutoka Ulaya ya kati. Kuanzia miaka ya tisini wakaja Wasomali, wengi wao wamepitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, wengine Utange. Utange unaikumbuka, Ami, ni hapo nyuma yenu tu. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mzee aliyeishi kambi hiyo, na Kiswahili chake ni cha Mombasa kabisa. Akinisikia naongea kwa simu hugonga ukuta anisalimie.

Mwaka 2014 Msomali mmoja, Mohamud Noor, alijitokeza kumpinga Bi Kahn ndani ya chama chao, DFL, ndio Democrats wa huku Minnesota. Mkutano wa mtaa wa kuchagua wajumbe ulifanyika Februari katika kituo cha Brian Coyle, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Watu walifurika, ngumi zikaanza, polisi wakaja, mkutano ukavunjwa. Miongoni mwa walioumizwa alikuwa Msomali mwingine, Ilhan Omar, wakati huo msaidizi wa diwani wa jiji. Agosti, kura za mchujo zikapigwa, na Bi Kahn akashinda. Hapo mnasemaje?

Mwaka 2016 wakawa watatu: Kahn, Noor na Omar. Kwa hesabu za barazani, Wasomali wawili wakigombania kura zilezile, vita vya panzi vingekuwa furaha ya kunguru, na bibi angepita katikati. Haikuwa hivyo. Tarehe 9 Agosti Omar alipata kura 2,400 na kidogo, karibu asilimia 41. Noor na Kahn walipata kama 1,700 kila mmoja, na bibi akawa wa tatu. Ikiwa kura za Wasomali ziligawanyika, hizo nyingine za Omar zilitoka wapi? Zilitoka ng'ambo ya daraja, kwa wanafunzi na vijana wa mitaa ya chuo, walewale ambao rika lao lilimbeba Bi Kahn mwaka 1972. Kiti hakikuhama kabila, Ami. Kilifuata aliyegonga milango mingi zaidi, na kura zenyewe ndizo hizo chache, ambazo hapo kwenu mwakilishi wadi angezililia.

Mwaka 2018 Omar akachaguliwa kwenda bunge la Washington, na Noor, aliyeanguka mara mbili, akashinda 60B. Mpaka leo ndiye mbunge wetu. Siku moja alikuwa kwenye lifti yetu, wazee wamembana pembeni kuhusu kodi ya nyumba, akashuka ghorofa ambayo naamini haikuwa yake.

Mimi sipigi kura, uraia bado. Lakini siku ya uchaguzi huwasindikiza wazee hadi kituoni, na kuna jambo ungelipenda. Mtu anaweza kujiandikisha siku hiyohiyo, utaratibu uliopo huku tangu miaka ya sabini. Asipokuwa na karatasi ya kuthibitisha anwani, jirani aliyeandikishwa kituo hicho humdhamini kwa kiapo na saini, mwisho watu wanane. Huyo mzee wangu wa Utange Novemba aliwadhamini wajane wawili wa ghorofa yetu, huku amesimama wima kama anatoa ushahidi kwa kadhi.

Na kiti kimoja si kitu kidogo. Uchaguzi huo baraza la chini liligawanyika 67 kwa 67, na DFL wakasusia vikao wiki tatu nzima kuanzia mwezi uliopita. Yumo pia Mkenya mwenzetu, Huldah Momanyi Hiltsley, wa 38A upande wa Brooklyn Park. Wakisii wa huko walisherehekea mpaka sisi watu wa pwani tukaona wivu.

Ukiwa na nafasi nijulishe habari za mipaka huko. Muda wa kikatiba wa kuipitia ulipita Machi mwaka jana tume ya uchaguzi, IEBC, ikiwa haina makamishna, nami nasikia fununu tu kwamba kuna wanaotaka Kisauni ikatwe tena. Nitumie sauti nyingine, ila safari hii mwache na mzee wa pembeni aongee, maana kila akianza kubisha nasikia mmemkatiza.

Wasalaam,
Binti yako