Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: David Boren, Kutoka Seneti Hadi Chuo Kikuu

Ndugu wanachama,

Habari za ada na mahudhurio zimo katika ripoti za mhazini na katibu, nami sitazirudia. Taarifa yangu ya mwaka huu nimeitenga kwa ajili ya David Boren, mwanasiasa wa jimbo la Oklahoma, Marekani, aliyefariki mwezi Februari, kwa kuwa baadhi yetu tumewafundisha Kiswahili Wamarekani waliokuja kwa ufadhili wenye jina lake, pasipo kujua jina hilo ni la nani.

Boren alizaliwa mwaka 1941, mtoto wa mbunge, akasoma Yale na Oxford, na alipohitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Oklahoma mwaka 1968 tayari alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Mwaka 1974 aligombea ugavana akiwa na umri wa miaka 33, na kwa kuwa gavana aliyekuwa madarakani alikuwa akiandamwa na tuhuma za rushwa, Boren alizunguka jimboni na ufagio mkononi, wafuasi wake nao wakabeba ya kwao. Alishinda. Miaka minne baadaye alichaguliwa kuwa seneta.

Kinachotuhusu zaidi kilitokea Washington. Boren aliongoza Kamati ya Ujasusi ya Seneti tangu 1987 hadi 1993, na akiwa hapo alisadiki kwamba taifa lenye nguvu kiasi kile lilikuwa na upungufu mkubwa wa watu wanaozijua lugha za wengine. Sheria aliyoiasisi, iliyozaa ufadhili huo, ikapita mwaka 1991: mwanafunzi hulipiwa akajifunze lugha ambazo vyuo vya Marekani vilizipuuza, Kiswahili kikiwemo, kisha hulipa deni hilo kwa kuitumikia serikali ya nchi yake kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Wapo wanachama wanaolitilia shaka sharti hilo, wakiona kwamba lugha yetu inafundishwa kwa faida ya usalama wa wengine, na shaka yao sioni kuwa ya bure. Hata hivyo, nimeona ni heri sharti linalosemwa waziwazi kuliko msaada ambao nia yake haijulikani.

Mwaka 1990 alirudishwa Seneti kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, na bado, mwaka 1994, aliacha kiti hicho kabla ya muda wake kwisha ili awe rais wa Chuo Kikuu cha Oklahoma. Kiti kilichukuliwa na Jim Inhofe, yule yule ambaye Boren alimshinda katika uchaguzi wa ugavana miaka 20 kabla. Boren alikiongoza chuo hadi mwaka 2018, na katika miaka hiyo aliendelea kuingia darasani kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la siasa, kazi ambayo wakuu wengi wa vyuo huiachia wahadhiri wachanga. Aliwahamishia pia baadhi ya maprofesa na familia zao mabwenini, waishi na wanafunzi.

Hakuyashinda yote. Machi 2015, video ilipowaonyesha wanafunzi ndani ya basi wakiimba wimbo wa kuwadhalilisha watu weusi, alilifunga jengo la kikundi chao na kuwafukuza wawili ndani ya siku chache. Wanasheria kadhaa walisema amevuka mipaka ya katiba inayolinda uhuru wa kusema. Mwaka 2016 wapiga kura walilikataa pendekezo alilolisimamia la kuongeza kodi ya mauzo kwa senti moja kwa kila dola ili kugharimia elimu. Mwaka 2019 alivunja uhusiano wake na chuo wakati wa uchunguzi wa tuhuma za mwenendo usiofaa, ambazo alizikanusha.

Kamati ya utendaji inawaomba wanachama waliowahi kufundisha wanafunzi wa ufadhili huo wamwandikie katibu kabla ya mkutano mkuu, wakieleza ni wangapi bado wanakitumia Kiswahili, na katika kazi gani.